Chembe Zinazongoja Maji

"Hizi zilizosimama, ziondoe," Bwana Kisamo alisema, akabandika kidole kwenye kioo changu.

Sipendi mtu aguse kioo changu. Anayejua kazi huonyesha kwa mbali. Asiyejua huacha alama, na ya siku ile ilikuwa ya mafuta ya chapati. Niliifuta kwa ncha ya mtandio taratibu, ili aone kwamba nafuta, kisha nikamwuliza zipi.

"Hizi. Na hizi. Huku kote mtaa wa Nyuma ya Jiwe. Zinaonekana kama ukurutu."

Kwenye kioo ulikuwa mji wetu wa Mawemeupe. Nyumba na barabara hazikuwemo, ni watu tu. Kila mkazi aliyefikia umri wa kwenda sekondari anavaa bangili, na bangili inatuma mambo mawili: iko wapi na inakwenda kwa kasi gani. Jina haitumi. Hilo tulilipigania mpaka likaandikwa kwenye sheria ndogo za mji. Mimi nazipokea alama hizo, nazifanya chembe za mwanga, nazipitisha kwenye nodi. Nodi ni kisanduku kidogo kinachochorwa kwenye kioo, chenye kazi moja. Hiki kinatia rangi, hiki kinachora mkia, hiki kinapuliza upepo, kile kinazifanya chembe zinazotembea zikwepe zilizosimama. Unaviunga kwa waya upendavyo, na kinachotoka kwenye nodi ya mwisho ndicho kinachowaka juu ya Jiwe.

Jiwe lenyewe mtu yeyote aliyepita kwetu analijua. Limekaa katikati ya mji tangu kabla hapajawa na mji, refu kuliko jengo lolote tulilojenga, na uso wake wa mashariki tuliupaka rangi inayopokea mwanga. Jua likishavuka upande wa pili, kivuli kinaufunika uso huo na mji unajitazama. Watu wanatembea huku chini na chembe zao zinatembea kule juu, zinajikunja, zinazungukana, zinafanya mizunguko ambayo maharusi hupiga nayo picha.

Mwanzoni lilikuwa pambo. Ukaja mwaka wa ukame, mafundi wa maji wakagundua kwamba chembe zangu zinaujua mji kuliko ramani zao, wakaziunga koki kuu kwenye nodi yangu ya mwisho. Penye chembe nyingi koki inafunguka, pasipo na chembe inafungwa. Baadaye wakaunga taa za barabarani, kisha magari ya taka. Hivyo ndivyo pambo langu lilivyogeuka serikali bila mimi kugombea kura.

"Bosi, hizo ni watu," nikasema.

"Si watu. Nimekwenda mwenyewe kuangalia." Alivuta kiti akakaa, na hapo nikajua hakuja kutania. "Ni ndoo, Tausi. Foleni nzima ya ndoo pale kwenye bomba, kila moja imefungwa bangili kwenye mpini. Wenye bangili wako majumbani kwao. Mfumo wetu unadanganywa kila siku na ndoo za plastiki."

Sikuwa najua. Niliona aibu, kisha nikaona hasira, na nisingeweza kusema hasira ile ilikuwa dhidi ya nani.

"Njia ya mwongo ni fupi, na yao imeishia hapa," aliendelea. "Alhamisi wanakuja wageni kutoka miji mingine ya kanda. Wakilipenda Jiwe, watanunua mfumo. Nataka kichujio. Chembe iliyoganda mahali pa wazi kwa dakika kumi ifutwe. Waliomo kwenye majengo waache."

"Na koki?"

"Zitafuata picha kama kawaida. Pasipo na mtu, koki ifungwe. Kosa liko wapi?"

Nilitafuta kosa, sikulipata. Kazi yangu yote niliisimamisha juu ya neno moja: kila chembe ni mtu. Nilimwambia kila aliyeniuliza, hata walimu wa shule waliokuja kutembelea. Sasa huyu bwana mwenye vidole vya mafuta ndiye aliyekuwa akililinda neno langu, na waliolivunja walikuwa watu wangu mwenyewe. Nyuma ya Jiwe ndiko nilikolelewa.

*

Mama mdogo Sakina, mdogo wake marehemu mama, anakaa nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba. Nilipita kwenye foleni kwanza. Kisamo hakunidanganya. Ndoo, madumu ya njano na beseni moja lenye ufa vilikuwa vimejipanga kutoka kwenye koki hadi kwenye ukingo wa mwamba, kila kimoja kina bangili. Bi mkubwa mmoja alikaa kando akichambua karanga. Upepo uliangusha ndoo tupu, naye akainuka bila haraka, akairudisha palepale ilipokuwa, akaiwekea kokoto ndani, akarudi kwenye karanga zake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kunywa chai au umetumwa?"

"Vyote."

"Basi nawa mikono. Baba yako mdogo ni saa ya kumgeuza."

Baba mdogo Mpaki alikuwa fundi wa minara ya upepo mpaka siku aliyoanguka kutoka kwenye mmoja. Tangu hapo amelala. Mwili wake ni mkubwa hata sasa, na asipogeuzwa na kufutwa kwa maji safi anatoka vidonda ambavyo hupona kwa shida. Tulimshika, mimi mabegani, mama mdogo kiunoni, tukamlaza ubavu. Alinikonyeza. Yeye kichwani hajaanguka hata kidogo.

"Mama mdogo," nikasema, tukiwa bado tumeinama juu yake, "kwa nini bangili yako iko kwenye ndoo?"

"Kwa sababu ndoo iko foleni."

"Lakini wewe haupo."

Alikamua kitambaa ndani ya beseni. "Bibi yako alipokuwa anachota kisimani, unajua alikuwa anaachaje nafasi yake? Jiwe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, linajulikana, hili lina doa, lile limevunjika pembe. Unaweka jiwe lako kwenye mstari, unakwenda shamba. Kulisogeza jiwe la mtu ni kumsukuma yeye mwenyewe, na faini yake ilikuwa kuku. Mstari wote ule, hakuna aliyesema mawe yanadanganya."

"Jiwe halitumi alama mjini. Bangili inasema kuna mtu pale, na pale hakuna mtu."

"Nani kakwambia hakuna mtu?" Aliinuka, mikono inadondosha maji, na sauti ikapanda kama ilivyokuwa ikipanda nilipoleta ripoti mbaya za shule. "Mashine yenu iliuliza nani kasimama wapi. Haikuuliza nani anangoja nini. Mimi nangoja maji, Tausi. Hapa namgeuza mume wangu, nangoja maji. Nikipika, nangoja maji. Nikilala nangoja. Unataka nikasimame pale kutwa ili picha yako iwe ya kweli, na huyu aoze?"

"Ungeivaa tu hapa nyumbani. Koki ingekuona."

"Nyumba gani? Fungua ramani yenu uniambie kama kuna nyumba hapa."

Sikuwa na haja ya kufungua. Naijua ramani. Nyumba za Nyuma ya Jiwe hazikupimwa wala kuandikishwa, kwa hiyo kwenye mfumo wetu eneo lote lile ni uwanja mtupu. Kwa mashine, mama mdogo anapopika anapika kiwanjani. Hata bomba lile halikuwekwa kwa ajili yao, lilikuwa la wajenzi wa barabara, na koki yake huhesabu waliolizunguka tu.

Nikawaeleza kuhusu kichujio. Nilitumia maneno mepesi, dakika kumi, mahali pa wazi, kufutwa. Mama mdogo alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliyejibu ni baba mdogo, uso wake ukiwa bado umeelekea ukutani.

"Mahali pa wazi ndipo hapa?"

"Kwenye ramani, ndiyo, baba mdogo."

"Basi mnianze mimi." Alicheka kicheko chake cha puani. "Bangili yangu sijaipa ndoo. Ninayo mkononi, kwa sheria, kama raia mwema. Na sijatembea tangu mnara ule. Nifute, mwanangu, tuone kama godoro litakuwa jepesi."

Sikucheka. Nilimwangalia mgongo wake, nikaangalia bangili iliyong'aa kwenye mkono uliokonda, na kosa nililolitafuta siku nzima nikaliona. Mle ndani ya kichujio hakukuwa na namna ya kutofautisha ndoo na baba mdogo, na wala isingekuwako. Kitu pekee ambacho kichujio kingejua ni kwamba hawa hawatembei.

*

Nilikijaribu, sikatai. Sipingi kitu kabla sijakiona. Mimi na Elibariki, mwenzangu wa karakana, tuliichukua siku moja ya kawaida iliyorekodiwa, tukaweka kichujio katikati ya waya, tukaiachia icheze.

Koki ya Nyuma ya Jiwe iligeuka nyekundu kabla chai yangu haijapoa. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni picha.

"Dada, imekufa," Elibariki alisema.

Ilikuwa imekufa kweli. Chembe zilikuwepo nyingi tu, zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, zimenyooka, hazina la kuzikunja. Ile mizunguko iliyokuwa ikitufanya tupendwe haikuwepo. Nilirudi kwenye nodi moja moja mpaka nikaifikia ile ya kukwepa, na hapo nikaelewa kazi yangu mwenyewe kwa mara ya kwanza. Chembe inayotembea haizunguki kwa sababu inapenda. Inazunguka kwa sababu mbele yake kuna iliyosimama, inalazimika kuipisha, na kule kupishana ndiko kunakofanya duara. Uzuri wote wa Jiwe ulikuwa unatoka kwa waliosimama. Maharusi wote wale walikuwa wamepiga picha na ndoo za mama mdogo.

Nilikimbia kwenda kumwambia Kisamo, na nilikimbia kwa furaha, mjinga mimi. Nilidhani nimepata hoja ya kumaliza mjadala. Alikuja, akatazama picha iliyonyooka, akakuna kidevu.

"Si kuna nodi ya kubuni mizunguko?"

"Ipo."

"Unaipa namba ya mbegu, namba ya kuanzia tu, yenyewe inatengeneza. Ulinionyesha mwaka jana."

"Ndiyo. Namba yoyote, inazalisha misukosuko ya uongo, haikomi."

"Basi weka hiyo."

Alisema hivyo, kavu. Ingenichukua muda wa kumenya chungwa. Unadondosha kisanduku, unachora waya, unaandika namba, na Jiwe linapendeza kuliko jana. Vidole vyangu tayari vilikuwa vinajua vitakwenda wapi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Bosi, juzi ulinijia na uongo wa ndoo. Leo unaniambia niwafute watu kisha niigize kivuli chao?"

"Kupamba si kudanganya."

"Ni pambo maji yasipolifuata. Haya, nikupe njia. Pamba unavyotaka, mimi nihamishe koki za maji, ziungwe kwenye nodi ya kwanza, kabla ya kichujio. Wageni waone uzuri, watu wapate maji. Hakuna atakayejua."

Alitikisa kichwa, na nakiri alitikisa kwa huzuni kidogo. "Wageni ni wahandisi, watafungua mfumo waukague. Tunachowauzia ni kwamba picha ndiyo mji, unachokiona ndicho kinachohudumiwa. Wakikuta maji yanafuata kitu kisichoonekana, tumekwisha. Weka kichujio, Tausi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Basi nivunjike."

Sikupandisha sauti. Niliondoa mikono yangu kwenye meza, nikaiweka mapajani, na hapo ikakaa. Kisamo alingoja. Alipoona haisogei, alimgeukia Elibariki akamwambia funguo za mfumo ni zake kuanzia sasa. Elibariki ana mke na pacha wachanga. Aliangalia chini, akaanza kazi, na mimi sikumlaumu, nilimwangalia tu mpaka masikio yake yakawa mekundu.

Nikiwa mlangoni nikageuka. "Bosi, hicho kichujio mmekipima na watu wanaosikiliza hotuba?"

"Nenda nyumbani, Tausi," akasema. Alidhani namkejeli. Elibariki peke yake ndiye aliyeinua kichwa.

*

Kichujio kiliwashwa Jumatatu, na bomba la Nyuma ya Jiwe likakauka siku hiyohiyo. Wanawake walikwenda na madumu hadi bomba la sokoni, huko nako foleni ikawa ndefu mpaka watu wakatukanana. Mama mdogo alikuwa akiondoka asubuhi na kurudi jua kali, na wakati huo wote baba mdogo amelala upande mmoja. Nilihamia kwao. Sikuwa na kazi ya kunizuia. Jumatano tulipomgeuza, ngozi ya kiunoni ilibaki kwenye shuka, naye akajifanya anapiga mluzi.

"Kesho twende kwenye sherehe," nikamwambia mama mdogo.

"Sherehe yao? Nikafanye nini?"

"Ukasimame. Na ndoo. Waambie wote waje na ndoo."

Aliniangalia, akaniangalia tena. Nadhani alikuwa anakumbuka nilivyokuwa nikitabasamu utotoni kabla ya kuharibu kitu.

"Unavunja kitu cha watu?"

"Sigusi kitu, mama mdogo. Sina hata funguo. Watavunja wenyewe."

Alimwomba yule bi mkubwa wa karanga akae na mgonjwa, na Alhamisi tukatoka.

Mji mzima ulipewa ruhusa ya nusu siku, na mji mzima ukaja. Uwanja uliotazamana na Jiwe ulijaa hadi barabarani. Mbele palikuwa na hema la wageni lenye mapazia na bomba la kunawia mikono lililong'arishwa, na pembeni yake Elibariki kwenye meza ya mitambo. Wanafunzi wa sekondari walipangwa mistari, wakaambiwa atakayetikisika atakiona. Sisi wa Nyuma ya Jiwe tulisimama nyuma kabisa, ndoo mbele ya miguu, bangili kwenye mipini. Jua lilivuka, kivuli kikashuka, Jiwe likawaka.

Nitasema kweli, lilipendeza. Watu walikuwa bado wanaingia uwanjani, chembe zao zinamiminika kutoka kila upande, na misukosuko ya kubuni inazipeperusha. Wageni walisimama kupiga makofi. Kisamo alikuwa amevaa suti ya rangi ya maziwa. Ngoma ilichezwa, ikamalizika, wachezaji wakakaa chini wakipepewa. Kisha zikaanza hotuba.

Mshereheshaji alimkaribisha mwenyekiti, mwenyekiti akatambua uwepo wa kila mtu aliyekuwepo, kwa cheo chake, kisha akaanza historia ya mji kuanzia kwa waliochimba kisima cha kwanza. Watu walisimama wakimsikiliza, kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Niliangalia juu. Chembe za wanafunzi ndizo zilizoanza. Zilififia mstari mmoja mmoja, kwa unadhifu, kama walivyopangwa. Zikafuata za wazazi wao. Mwenyekiti alikuwa ameufikisha mji kwenye uhuru wakati uwanja wote juu ya Jiwe ulipokuwa mweusi, na yeye mwenyewe, aliyesimama kwenye jukwaa akitikisa mkono mmoja tu, akazimika katikati ya sentensi.

Minong'ono ilianza mbele ikaja nyuma. Kisha mgeni mmoja aliyekuwa ananawa kwenye lile bomba lililong'arishwa akabaki na povu mikononi, maji yamekata. Mabomba ya hoteli ya jirani yalikata nayo. Palikuwa na watu wengi kuliko siku yoyote ya mwaka mahali pale, na mfumo ulihesabu kwamba hapana mtu.

Juu ya Jiwe ilibaki chembe moja. Ilitoka hemani kwa kasi ikaenda kwenye meza ya mitambo, ikarudi hemani, ikaenda tena mezani, inavuta mkia mrefu. Watu walishusha macho, wakamwona Kisamo na suti yake ya maziwa akikimbia huku na huko. Wakatazama juu, wakatazama chini. Kicheko kilianzia kwa wanafunzi, na walimu hawakukizuia.

"Zima hicho kichujio!" Kisamo alikuwa akimwambia Elibariki.

"Sijui nianzie wapi, bosi," Elibariki akasema, kwa sauti ya kutosha kusikika hemani. Anajua vizuri sana pa kuanzia. "Mwulize mwenye kazi yake."

Nilikuwa tayari nimefika. Watu walinipisha njia. Kisamo alinishika kiwiko, akanong'ona, "Tausi, tafadhali. Chomoa huo waya."

"Sema kwanza ni waya wa nini."

"Si wakati wa—"

"Kipaza sauti hicho hapo. Sema ni waya wa nini, nitauchomoa. Hata kazi sitaki unirudishie."

Mhandisi mmoja kutoka kundi la wageni, mama wa makamo aitwaye Kalunde, alikuwa amesimama nyuma yetu bado anapangusa povu kwa kanga ya mtu. "Na mimi ndiye ninayenunua," alisema. "Ningependa kusikia."

Kisamo alikichukua kipaza sauti. Hakuzungukazunguka, nampa heshima yake. "Ni kichujio," alisema. "Kinafuta waliosimama. Tulifikiri... Tulidhani aliyesimama hana shughuli."

Kisha mzee mmoja mbele akauliza, kwa mshangao wa kweli, "Yaani sisi?"

"Ninyi!" Sauti ilitoka nyuma kabisa, na niliijua kabla sijageuka. Mama mdogo Sakina alikuwa amepanda juu ya ndoo yake aliyoipindua, mikono kiunoni. "Karibuni, jamani! Wenzenu tulifutwa tangu Jumatatu! Mlikuwa mnatuona sokoni na madumu, mkauliza tunajaza foleni yenu kwa nini. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo! Haya, leo mmezaa, mnaonaje?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Watu waligeuka wakaangalia zile ndoo, na wale wa karibu wakasogea kuwapa nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo.

"Na hizo bangili kwenye mipini?" Mhandisi Kalunde aliniuliza. "Huo si udanganyifu?"

Swali lilikuwa lilelile la Kisamo, na safari hii nililijibu. "Nilidhani hivyo, mama. Niliwaambia watu kila chembe ni mtu aliyesimama pale ilipo. Nilikosea kusema. Kila chembe ni mtu anayehitaji kitu pale ilipo. Ukitaka mfumo unaojua tofauti ya ndoo na mtu, nenda kapime nyumba zao uwape mabomba, ndoo zitaondoka zenyewe. Ukitaka picha ya watu wasiosimama kabisa, hiyo hapo umeiona." Nikamwonyesha Jiwe kwa mbali, kama anayejua kazi.

Kisha nikaushika waya, nikauchomoa. Niliivuta na ile nodi ya misukosuko ya kubuni, nikaitupa kwenye kapu. Chembe za Nyuma ya Jiwe ziliwaka mwanzo, zikafuata za uwanja mzima, na watu wa pembezoni walipoanza kutembea ilibidi wawapishe waliosimama, na mizunguko ikarudi. Kwenye hema bomba lilikohoa, likamwaga.

Mhandisi Kalunde hakununua siku ile. Alisema atarudi na maswali, na aliyaandika mengi. Kisamo alikaa kwenye kiti cha plastiki na suti yake, na Elibariki akamletea maji ya kunywa. Mimi sikungoja kujua nimefukuzwa au la.

Tulirudi na mama mdogo kwa kupita bombani. Maji yalikuwa yanatoka na foleni imeshajipanga upya, kila ndoo nyuma ya ndoo yake ya zamani, hakuna aliyegombana. Aliweka yake. Mkono wake mwingine ulikuwa unakanda mgongo, na nyumbani kulikuwa na mtu aliyelala upande mmoja tangu mchana.

"Kaa hapa uishike," aliniambia, "mimi nikamgeuze."

"Peke yako humwezi."

Nikavua bangili yangu, nikaifunga kwenye mpini wa ndoo juu ya yake, tukaenda kumgeuza pamoja.